Homa imekwisha, kikohozi kinabaki: mambo yanayotokea ndani ya njia ya pumuzi kisha korona

Homa ilidumu siku tatu. Kichwa kikaacha kuuma, hamu ya chakula ikarudi. Sasa ni juma la tatu na mutu angali anakohoa, zaidi usiku, ao kila mara anapopanda kilima cha Kadutu, ao anapowasha mbabula. Nyumbani maneno yanaanza. Mumoja anasema vinini havikutosha, tuongeze vingine. Mwingine anasema korona ingali ndani. Wa tatu anashusha sauti na kusema: hii ni karuho.

Mara nyingi hakuna hata mumoja kati yao mwenye haki. Ngozi ya ndani ya njia ya pumuzi ilibomolewa na kirusi, na mwili uko katika kazi ya kuijenga upya. Kazi hiyo inaomba majuma, si siku. Katika habari hii tunaeleza namna ngozi hiyo inavyopigwa, namna inavyopona, vitu gani vinaichelewesha hapa kwetu, na wakati gani kikohozi si cha kungojea tena nyumbani bali cha kupelekwa kupimwa.

Salongo ya kila sekunde

Toka puani mpaka ndani ya mapafu, njia ya pumuzi imefunikwa na ngozi nyembamba, yenye kulowana. Imejengwa na seli, yaani vipande vidogo vyenye uhai ambavyo mwili wote umejengwa navyo. Jicho haliwezi kuviona bila mikroskopi. Hapa, seli za aina tatu njo zenye kazi kubwa.

Za kwanza ni seli za vinywele. Kila moja inabeba vinywele 200 ao zaidi, na vinywele hivyo vinapiga pamoja, mara 10 mpaka 20 kwa sekunde, vyote kuelekea upande mumoja. Za pili zinatoa ute, ule unaonasa vumbi, moshi na vijidudu. Ute unalala juu ya vinywele, na vinywele vinausukuma mpaka kooni, polepole, muchana na usiku. Ukifika pale tunaumeza bila kujua, na tumbo linaumaliza.

Za tatu ziko chini kabisa, zimeshikamana na sakafu ya ngozi. Hazina vinywele na hazitoi ute. Tuziite seli za shina. Kazi yao ni kungojea: seli ya juu ikikufa, zenyewe zinazaa nyingine ya kushika nafasi yake.

Munajua vile inakuwa siku ya salongo: watu wanashika fagio na majembe, wanaondoa takataka katika mifereji kusudi maji ya mvua yapate kupita. Ndani ya njia ya pumuzi, salongo ni ya kila sekunde. Kama hatuisikii, ni alama kwamba inaenda vizuri.

Mwizi anayepanda kwa fagio

Kirusi cha korona hakiwezi kuzaana peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli na kutumia vyombo vyake. Juu ya kirusi kuko miiba, na mwiba unatafuta kufuli inayoukubali. Kufuli hiyo wanasayansi wanaiita ACE2. Kisha kuko protini nyingine ya mwili wetu, TMPRSS2, inayokata mwiba, ndipo mulango unafunguka. Seli za vinywele za pua na za mabomba ya mapafu ziko na hivi vyote viwili. Hiyo njo sababu ugonjwa unaanzia pale.

Lakini ute si uko juu, unalinda? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba kirusi kinashika vinywele vyenyewe na kuvitumia kuvuka ute, mpaka kufika kwa seli. Kwa neno lingine, mwizi anapanda kwa fagio la mwenye nyumba.

Kikiisha kuingia, kinageuza seli kuwa kiwanda cha kutoa virusi vingine. Watafiti wa Institut Pasteur ya Paris walifuata mambo hayo kwa karibu. Walikuza katika labo seli za mabomba ya mapafu ya watu mpaka zikafanya ngozi kamili, yenye vinywele na ute, kisha wakaitia kirusi. Kazi yao ilitangazwa mwaka 2021, na inasaidia sana kuelewa kikohozi chetu.

Jambo la kwanza waliloona: vinywele vinapotea haraka sana, na si kwa sababu seli zote zimekufa. Seli zingine zinaendelea kuishi lakini zinasahau kazi yao. Kuko protini inayoitwa Foxj1, ambayo ni kama kapita anayeamuru vinywele vijengwe. Protini hiyo inashuka hata mbele vinywele vingi havijaanguka. Jambo la pili: walipopima kama ute ungali unasukumwa, wakakuta usafi umeharibika. Jambo la tatu: viungio kati ya seli na seli vililegea kwa muda, kisha vikakaza tena. Na jambo la nne, ambalo ni la matumaini: seli za shina ziliamka na kuanza kazi. Waliona vinywele kupotea pia katika wanyama wadogo wa labo wanaoitwa hamster, kwa hiyo si jambo la ndani ya chupa tu.

Sasa tunaweza kuelewa. Wafagiaji wameanguka, lakini seli za ute zinaendelea kutoa ute. Takataka inajaa mufereji. Mwili unabaki na njia moja tu ya kuisukuma: kukohoa. Tena, ngozi ikiwa imechubuka, mishipa ya fahamu iliyo chini yake inakuwa wazi. Hewa ya baridi, moshi ao kicheko kinatosha kuiamsha, na mutu anakohoa kikohozi kikavu, hata kama kirusi kimekwisha kuondoka.

Kengele iliyochelewa

Seli zetu hazikai kimya zikivamiwa. Ziko na kengele. Seli iliyopigwa inatoa protini zinazoitwa interferoni, zinazopasha habari majirani: fungeni milango. Majirani wakisikia mapema, kirusi kinakosa mahali pa kuingia na ugonjwa unaishia puani.

Ujanja wa korona ni kuzima kengele hiyo ao kuichelewesha. Katika kazi ile ya Paris, kengele ililia tu kisha vinywele kuanza kuharibika. Kwa muzee, ao mutu mwenye sukari ao unene mwingi, kuchelewa kwa namna hiyo kunaweza kukipa kirusi nafasi ya kushuka ndani zaidi.

Na watoto? Wazazi wengi walijiuliza kwa nini mutoto anacheza huku tata yake yuko kitandani. Watafiti wa Berlin, Ujerumani, walilinganisha seli za pua za watoto na za watu wakubwa. Wakakuta seli za watoto ziko macho tayari, mbele kirusi hakijafika. Kengele yao inalia mapema. Hiyo haisemi kwamba mutoto hawezi kuambukiza tata yake. Inaeleza tu kwa nini wengi wao hawakupata ugonjwa mukali.

Saa ya ugonjwa na saa ya vipimo

Tukumbuke mwaka 2020. Mugonjwa wa kwanza katika inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 3. Wakati ugonjwa ulipofika kwetu, vipimo vilitumwa Kinshasa na watu wakangojea. Mwezi wa 6 mwaka ule, munganga Denis Mukwege wa hopitali ya Panzi, mushindi wa Nobel ya amani ya 2018, alijiuzulu katika uongozi wa komisyo ya afya iliyopambana na korona katika Kivu ya Kusini. Kati ya sababu alizotoa, moja ilikuwa hii: matokeo ya vipimo yalichukua zaidi ya majuma mawili kurudi.

Tuweke majuma hayo mawili kando ya saa ya seli. Na aina ya kwanza ya kirusi, alama zilianza karibu siku 5 kisha kuambukizwa. Mutu anaambukiza sana siku chache zinazozunguka mwanzo wa alama. Kisha siku 10 hivi za ugonjwa usio mukali, kwa watu wengi kirusi hai hakiko tena puani, na ngozi imeanza kujengwa. Basi karatasi ya matokeo ilipofika Bukavu, vita ndani ya pua ilikuwa imekwisha zamani, na mutu alikuwa amekaa na jamaa siku zote za hatari. Kipimo cha namna hiyo kinaandika historia, hakilindi jirani. Funzo hilo linabaki hata leo, kwa korona na kwa magonjwa mengine: siku za kujitenga, za kuvaa kinga ya mudomo na kufungua dirisha ni siku za kwanza. Ukingojea karatasi, umechelewa.

Harufu ya sambaza iliyopotea

Wengi wanakumbuka: sambaza zinakaangwa jikoni na pua haisikii kitu. Hofu ilikuwa kwamba kirusi kimekula mishipa ya fahamu inayosikia harufu. Uchunguzi ulionyesha jambo lingine. Mishipa hiyo haina ile kufuli ACE2, ao ina kidogo sana. Walio nayo ni seli za kando, zile zinazoilisha na kuishikilia. Zikianguka, mishipa inabaki bila musaada na inanyamaza.

Seli hizo za kando pia zinazaliwa upya toka chini. Hiyo njo sababu kwa watu wengi harufu ilirudi kisha majuma machache. Kwa wengine ilichukua miezi mingi, ao ilirudi ikiwa imegeuka, kahawa ikinuka kama kitu kilichoungua. Mutu wa namna hiyo asichekwe. Tena awe mwangalifu: hawezi kusikia harufu ya moshi wala ya chakula kilichooza.

Kirusi kikishuka chini

Yote tuliyoeleza ni ya njia za juu, na kwa wengi ugonjwa unaishia pale. Ukishuka mpaka mwisho wa mapafu, mambo yanageuka. Pale kuko vifuko vidogo sana ambamo oksijeni inapita kuingia damuni. Ndani ya vifuko kuko seli zenye kazi mbili: zinatoa aina ya mafuta yanayozuia vifuko kubandikana, na tena zenyewe njo seli za shina za vifuko. Kirusi kikiziua, nyumba inapoteza fundi na mufano wa ujenzi kwa mara moja. Vifuko vinajaa maji, oksijeni inashuka, na kovu linaweza kubaki. Hapo kupona kunaomba miezi.

Aina ya Omicron iligeuza mupango huo. Mwisho wa mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong waliona kwamba katika saa 24, Omicron ilizaana karibu mara 70 kupita Delta ndani ya seli za mabomba ya mapafu, lakini ndani ya nyama ya mapafu yenyewe ilizaana polepole kwa mara zaidi ya 10. Kwa hiyo ilienea sana, ikatoa kikohozi kingi, lakini watu wachache zaidi walikosa oksijeni.

Vaksini nayo inaeleweka kwa ramani hii. Ile inayopigwa mukononi inajaza walinzi damuni, na damu inafika sana chini ya mapafu. Ndani ya ute wa pua walinzi ni wachache na wanapungua mapema. Ndiyo maana mutu aliyechanjwa aliweza kupata mafua ya korona, lakini akawa na nafasi ndogo sana ya kufika kwenye oksijeni. Waliosema "nilichanjwa na bado nimegonjwa, vaksini ni bure" walitazama pua na kusahau mapafu.

Kama mugomba uliokatwa

Anayelima migomba anajua: ukikata shina, chini kuko vitoto vinavyongojea. Seli za shina zinafanya vile vile. Siku chache kisha ngozi kubomoka, zinaanza kugawanyika. Kwanza zinatandika mufuniko mwepesi, kusudi tu kidonda kizibwe. Kisha seli hizo changa zinachagua kazi: hizi zitatoa ute, hizi zitaota vinywele. Kuota vinywele njo kunakochukua wakati. Katika labo, toka seli za shina mpaka ngozi yenye vinywele vinavyopiga vizuri, ni karibu majuma matatu ao mane. Na vinywele vipya lazima vijipange kupiga kwa upande mumoja, la sivyo ute unazunguka mahali pamoja.

Sasa mufanye hesabu. Wiki moja ya ugonjwa, tatu ao ine za kujenga. Ndiyo sababu waganga wanasema kikohozi kinachofuata ugonjwa wa kirusi kinaweza kudumu majuma matatu mpaka manane na kwisha chenyewe. Alama ya kuangalia ni mwelekeo: juma hili kiwe kidogo kuliko juma lililopita.

Vitu vinavyochelewesha fundi

Kwanza, moshi. Moshi wa kuni, wa makala na wa sigara unapooza vinywele na unafanya seli za shina kuzaa seli nyingi za ute na chache za vinywele. Katika nyumba ndogo za Panzi, Nkafu ao Nguba, mvua ikinyesha, mbabula inaingizwa ndani, na mama na mutoto wa mugongoni njo wanaokula moshi wote. Wakati kuko mwenye kikohozi nyumbani, mbabula iwashiwe inje na iingizwe tu makala ikiisha kuwa nyekundu, mulango na dirisha vikiwa wazi. Haifai hata siku moja kulala nayo ndani ya nyumba iliyofungwa: ile hewa isiyo na harufu inaua mbele ya asubuhi. Ikiwezekana, kazi ya jiko ashike mwingine kwa majuma machache.

Pili, antibiotiki za kujipa. Amoxi haigusi kirusi na haioteshi kinywele hata kimoja. Makohozi ya manjano peke yake si alama kwamba inahitajika. Rangi hiyo inatoka kwa seli za ulinzi zilizokufa. Kuko hali moja ambapo munganga anaweza kuiandika: bakteria zikitumia nafasi ya mifereji kuziba na kuingia. Alama yake ni homa iliyokwisha kuondoka kisha ikarudi, na pumuzi ikawa fupi. Lakini huyo ni munganga aliyesikiliza kifua, si rafiki wa farmasi.

Tatu, kujifukiza kwa kupita kipimo. Muvuke wa majani ya mikaratusi unaweza kulegeza ute na kumupa mutu raha. Hauui kirusi kilicho ndani ya seli. Na chungu cha maji yanayochemka chini ya blanketi kimeunguza watoto wengi. Maji ya uvuguvugu ya kunywa, na asali kidogo kwa anayekohoa usiku, vinatosha. Mutoto ambaye hajatimiza mwaka mumoja asipewe asali.

Kikohozi kisicho cha kungojea

Hapa tuzungumze bila kuficha. Maelezo yote haya yanaweza kuua mutu, kama atayatumia kujipa moyo wakati ugonjwa wake ni mwingine. Katika majimbo yetu, kifua kikuu kingali kiko. Sheria ya vituo vya afya ni rahisi: anayekohoa majuma mawili ao zaidi apimwe makohozi. Haijalishi kama alikuwa na korona mbele. Kikohozi cha kujengwa upya kitaonekana tu kwamba si kifua kikuu, na hutapoteza kitu. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure katika vituo vya programu ya taifa, na matunzo ya kawaida ni miezi 6.

Musingojee hata majuma mawili kama kuko moja ya alama hizi:

– damu katika makohozi;
– kukonda, na jasho la usiku linalolowanisha shuka;
– pumuzi fupi mutu akiwa amekaa tu, midomo kuwa ya bluu, ao kuchanganyikiwa;
– maumivu makali ya kifua;
– mutoto anayepumua mbio, mbavu zikiingia ndani, ao anayekataa kunyonya.

Na kwa wale wanaosema karuho: hatupigani na mutu juu ya imani yake. Tunasema kitu kimoja. Kukohoa miezi na kukonda ni alama za kifua kikuu pia, na kifua kikuu kinapona. Kila juma linalopotea kwa kutafuta aliyemuroga mugonjwa ni juma ambalo mapafu yanaliwa, na ambalo watoto wanaolala naye chumba kimoja wanavuta hewa ile ile. Makohozi yapimwe kwanza. Mashauri mengine yanaweza kungoja.

Mwenye kuendelea kuchoka, kukosa pumuzi ao kukosa harufu kisha miezi mitatu toka siku ya ugonjwa naye asikae kimya. Hali hiyo inajulikana duniani pote, Shirika la Afya Duniani limeipa maelezo yake, na si uvivu. Aende aeleze munganga, ataje tarehe ugonjwa ulipoanza.

Kwa wengine wote, wanaokohoa kidogo zaidi ya jana lakini chini ya juma lililopita, na makohozi yao yamepimwa: fundi wako kazini. Wasaidieni kwa hewa safi, maji ya kunywa, usingizi na subira, na mbabula ikae inje.